Bandari bubu ya Mfalme Yakinlu

Kuna barua moja ya malalamiko, ya zaidi ya miaka 2,600 iliyopita, ambayo mtu yeyote aliyewahi kuhangaika na mzigo bandarini ataielewa bila kufafanuliwa. Aliyeiandika ni ofisa wa dola ya Ashuru kwenye pwani ambayo leo ni ya Syria. Jina lake Itti-Shamash-balatu, maana yake "uzima uko kwa Shamash", mungu jua. Anamwandikia mfalme wake Esar-hadoni, yule ambaye Biblia inamtaja kuwa alitawala Ninawi baada ya baba yake Senakeribu kuuawa. Anayelalamikiwa ni mtu mmoja tu: Yakinlu, mfalme wa Arvadi.

Malalamiko yenyewe, kwa maneno yangu, ni haya. Yakinlu haruhusu vyombo vipande hadi bandari ya mfalme. Biashara yote ameigeuzia kwake. Anayekwenda kwake humfungulia njia. Anayefunga chombo kwenye gati la Waashuru humuua, na chombo akakichukua. Na kinga yake ni kwamba ameandikiwa kutoka ikulu: "Fanya lile tu lenye faida kwako."

Wafalme wadogo wa Foinike, yaani miji ya pwani hiyo kama Tiro, Sidoni na Arvadi, tumezoea kuwajua kwa midomo ya waliowashinda. Mfalme wa Ashuru anachongesha ukutani kwamba fulani alikuja, akainama, akabusu miguu yangu, na habari ikaishia hapo. Barua hii haikuandikwa isomwe na vizazi. Iliandikwa na mtu mwenye hasira na, kama tutakavyoona, mwenye hofu, na ndiyo maana humo Yakinlu anaonekana akiwa kazini badala ya akiwa kifudifudi.

Mwamba wenye mfalme wake

Arvadi, ambayo Waarabu wanaiita Arwad hadi leo, ni kisiwa kilicho kama kilomita 3 kutoka mji wa Tartus. Urefu wake haufiki kilomita moja. Strabo, Mgiriki aliyeandika karne nyingi baada ya Yakinlu, anasema ni mwamba uliozungukwa na bahari pande zote, umejaa nyumba za ghorofa nyingi kwa sababu watu wengi walibanana pasipo nafasi. Lakini kilichomvutia zaidi ni namna walivyopata maji. Wakati wa vita, Waarvadi walichota maji matamu kutoka chemchemi iliyo chini ya bahari. Walitoka na mashua mpaka juu ya chemchemi, wakashusha faneli pana ya risasi iliyofudikizwa, yenye bomba la ngozi juu yake, na maji yakapanda kwa nguvu yake yenyewe. Ya kwanza yalikuwa ya chumvi. Waliyaacha yapite, wakangoja mpaka yaje matamu, ndipo wakajaza vyombo vyao.

Watu wa namna hiyo huwezi kuwatisha kwa kuwafungia kisima.

Kwa ukubwa wa kijeshi hawakuwa kitu. Katika vita vya Qarqar mwaka 853 K.K. (tarehe zote humu ni za K.K.), wafalme wa magharibi walipoungana dhidi ya Shalmanesa wa Tatu wa Ashuru, Ahabu wa Israeli anahesabiwa kuwa na magari 2,000 na askari wa miguu 10,000. Matinu-Baal wa Arvadi alileta askari 200. Uzito wao ulikuwa majini. Ezekieli anapoimba maombolezo ya Tiro kana kwamba mji ule ni jahazi zuri linalozama, anawaweka watu wa Sidoni na Arvadi kwenye makasia. Na zaidi ya miaka 400 kabla ya Yakinlu, Tiglath-pilesa wa Kwanza, mfalme wa Ashuru, alijisifu kwamba alipanda vyombo vya Arvadi na kuua mnyama mkubwa wa baharini. Mfalme wa nchi kavu alipotaka kuiona bahari, mashua zilikuwa za Waarvadi.

Hali ilibadilika mwaka 738. Tiglath-pilesa wa Tatu aliifanya Simirra, mji wa bara ulio kusini kidogo ya kisiwa, kuwa jimbo la Ashuru lenye liwali wake. Tangu hapo mfalme wa Arvadi alibaki mfalme kisiwani, lakini akitazama pwani anaitazama dola. Ng'ambo hiyo ndiko lilikokuwa gati ambalo Yakinlu hakutaka vyombo vilifikie.

Ashuru na ushuru

Kwa Kiswahili, Ashuru na ushuru vinatofautiana herufi moja. Ni bahati ya masikio tu: ushuru tumeupata kwa Waarabu, kutoka neno lao la sehemu ya kumi, na Ashuru ni jina la mungu na mji wake. Lakini ukizisoma barua za maofisa wa pwani ile, utaona sadfa haikukosea sana.

Neno la Waashuru kwa bandari lilikuwa *kāru*. Mwanzo lilimaanisha tuta la udongo kando ya mto; baadaye gati; mwishowe mahali popote ambapo bidhaa inashushwa, inahesabiwa na kukatwa kodi. Kizazi kama viwili kabla ya kisa chetu, ofisa mmoja aitwaye Qurdi-Ashur-lamur alieleza katika barua jinsi mambo yalivyoendeshwa. Watu wa Tiro waliachiwa magati yote, waingie na kutoka, wauze na kununua. Mlima Lebanoni walipanda na kushuka watakavyo, wakateremsha magogo. Yeye alichukua kodi kwa kila anayeteremsha. Sidoni walimtimua mtoza kodi wake; akapeleka mlimani askari wa Itu'a, kabila lililotumikia jeshi la Ashuru, watu wakatishika, na mtoza kodi akarudishwa. Kisha akawapa sharti moja: kateni, fanyeni kazi yenu, lakini msiwauzie Wamisri wala Wafilisti.

Hapo utaona Ashuru ilivyowatazama Wafoinike. Haikutaka kuchukua duka, maana haikujua kuliendesha. Haikuwa na mabaharia wa kwake. Senakeribu alipotaka kuvuka maji kuwapiga Waelamu mwaka 694, ilibidi awatumie mabaharia wa Tiro na Sidoni, na vyombo vikateremshwa kwa mto Tigri. Dola ilitaka duka libaki na mwenyewe, nayo ikae mlangoni na mizani.

Kwa mfalme mdogo, basi, swali halikuwa kutii au kuasi tu. Kulikuwa na swali jingine la kila siku: merikebu itokayo Kupro, yenye shaba na mafuta, itatia nanga upande gani wa zile kilomita 3?

Jirani mmoja alikatwa kichwa, mwingine akatia muhuri

Yakinlu hakuwa mjinga wa hatari. Abdi-Milkutti, mfalme wa Sidoni, aliasi mwanzoni mwa enzi ya Esar-hadoni. Mwaka 677 mji wake ulibomolewa; yeye akakimbilia baharini na Esar-hadoni anasema alimvua huko kama samaki. Kichwa chake kilikatwa. Kisha yakafuata maonyesho: kichwa hicho, pamoja na cha mshirika wake Sanduarri, vilitundikwa shingoni mwa wakuu wao, nao wakatembezwa barabarani Ninawi kwa waimbaji na vinubi. Karibu na magofu ya Sidoni ukajengwa mji mpya, Kar-Esarhaddon, "gati la Esar-hadoni". Jina linajieleza.

Baal wa Tiro alichukua njia nyingine: alitia muhuri mkataba, ambao vipande vyake vimepatikana. Humo anaruhusiwa kufanya biashara Ako, Dori, pwani yote ya Wafilisti, Gebali na Lebanoni, lakini masharti yanabana. Chombo cha Tiro kikivunjika pwani ya Wafilisti au ndani ya mpaka wa Ashuru, shehena yote ni ya Esar-hadoni. Watu wasiguswe, waorodheshwe na kurudishwa kwao. Kuna mwakilishi wa Ashuru anayekaa naye, na barua ya mfalme haifunguliwi mpaka mwakilishi huyo awepo. Na laana zilizomo zimetungwa na mtu aliyejua mabaharia wanaogopa nini: miungu ya Wafoinike wenyewe inaombwa ilete upepo mbaya, ifungue kamba za vyombo vyao na kung'oa nguzo walizofungiwa.

Tiro, basi, mfalme hasomi barua yake peke yake. Na Yakinlu, ng'ambo ya Simirra, anadai ana barua kutoka ikulu inayomwambia afanye apendalo.

Waliotia fedha zao

Tungeweza kusema anadanganya, na huenda Itti-Shamash-balatu angependa mfalme aamini hivyo. Lakini barua yake yenyewe inamharibia. Kwanza anamtaja Ilu-ma'adi, mtu wa Simirra, ambaye kazi yake ni kwenda na kurudi Ashuru: anachungulia kinachoendelea, anauliza, kisha anakwenda kumweleza Yakinlu. Kumbe mfalme wa kisiwa ana mtu wake ndani, tena mzaliwa wa mji ambao Ashuru yenyewe inautawala.

Kisha linakuja la pili, ambalo naamini ndilo lililomkosesha ofisa huyu usingizi. Anasema mfalme ajue kuwa wapo wengi miongoni mwa watu wanaomzunguka mfalme waliotia fedha zao katika nyumba hii, yaani ya Yakinlu. Hao, pamoja na wafanyabiashara, wanamtisha. Naye anajikaza: tumaini lake ni kwa mfalme, hampi mtu mwingine yeyote shekeli moja wala nusu shekeli, isipokuwa mfalme. Shekeli ni kama gramu 8 za fedha. Mtu haapi kuhusu gramu 4 bila kuombwa, ila kama kuna watu wanaozipokea kila siku, au kama yeye mwenyewe ameshaambiwa atoe.

Kwa lugha ya leo, Arvadi ilikuwa bandari bubu, na bandari bubu haidumu bila wakubwa. Nahodha anayekwepa forodha anahitaji giza la usiku mmoja. Anayeikwepa forodha kila siku, mchana, mbele ya jimbo la dola iliyomkata kichwa mfalme wa Sidoni, anahitaji watu wenye hisa. Usomaji wangu ni huo: vigogo wa Ninawi waliona kwamba fedha yao ikipita Arvadi inazaa zaidi kuliko ikipita mezani kwa mtoza kodi, kwa sababu ile ya mezani ni ya mfalme na ile ya Arvadi ni yao. Kwa hiyo ule ujumbe, "fanya lenye faida kwako", haukuwa lazima uwe uongo. Ikulu si mtu mmoja.

Tumtendee haki Yakinlu, hata hivyo. Tunasikia upande mmoja. Waashuru waliandika juu ya udongo, na udongo ukiungua unazidi kudumu. Wafoinike waliandika kwa wino juu ya mafunjo, na mafunjo katika unyevu wa pwani yanaoza. Mtu aliyechukua chombo cha mfanyabiashara kwa nguvu huenda kwake yeye alikuwa akikusanya ushuru wa bandari ambao baba zake waliukusanya tangu kabla Ninawi haijawa mji mkuu. Ukiuliza Arvadi, mwizi alikuwa ni yule aliyejenga gati jipya upande wa pili na kuliita la mfalme. Hata neno "anaua" naliwekea alama ya kuuliza. Mtoza kodi aliyepungukiwa na makusanyo ana sababu ya kukoleza. Lakini lile la fedha za vigogo silitilii shaka. Hakuna ofisa mdogo anayewashtaki watu wa mlangoni mwa mfalme kwa kujifurahisha, huku akijua ni mikono yao itakayoipokea barua yake.

Ambaye hakuwahi kuinama

Orodha ya Esar-hadoni ya mwaka 673, ya wafalme 22 wa pwani na visiwa waliotakiwa kupeleka magogo na mawe kwa ujenzi wa jumba Ninawi, inamtaja Matan-Baal kuwa mfalme wa Arvadi. Manase wa Yuda yumo pia. Kwa hiyo Yakinlu alishika kiti baada ya hapo, na barua inaangukia miaka ya mwishomwisho ya Esar-hadoni, aliyekufa mwaka 669 akiwa njiani kwenda Misri. Kichwa cha Yakinlu kilibaki mahali pake.

Tunamkuta tena kwa mrithi, Ashurbanipal. Katika safari ya kwanza ya kwenda Misri, mwaka 667, orodha ni ileile ya wafalme 22, na sasa Arvadi ni Yakinlu, pamoja na askari na vyombo vyake. Halafu, miaka kama mitano baadaye, maandishi ya Ashurbanipal huyohuyo yanatangaza ushindi juu ya "Yakinlu mfalme wa Arvadi, akaaye katikati ya bahari, ambaye hakuwainamia wafalme baba zangu".

Hakuwainamia vipi? Abdi-liti wa Arvadi alimletea kodi Senakeribu mwaka 701. Matan-Baal alimpelekea magogo Esar-hadoni. Yakinlu mwenyewe alikwenda vitani upande wa Ashurbanipal. Karani aliyeandika sentensi ile alikuwa na nyaraka za kumkanusha katika mji huohuo. Lakini mfalme anayewashinda watu walewale walioshindwa na babu yake hana la kujisifia, kwa hiyo ilibidi Arvadi iwe bikira upya. Nadhani pia kuna ukweli uliofichwa ndani ya uongo huo. Kodi ya mwaka ilipelekwa, ndiyo. Lakini merikebu zilipita wapi? Kwa maana hiyo, kisiwa hakikuwa kimeinama.

Katika vita hivyohivyo Tiro nayo ilikuwa imezingirwa. Ashurbanipal alifunga njia za nchi kavu na za bahari, chakula na maji vikakatika. Baal akasalimu amri, akatoa binti yake, mabinti wa ndugu zake, na kijana wake Yahi-milki ambaye hajawahi kuvuka bahari. Kijana akarudishwa kwa baba yake kwa huruma, mabinti wakachukuliwa. Yakinlu anafuata katika maandishi hayo, na habari yake ni fupi kuliko ya Baal: hakuna kuzingirwa, hakuna kiu. Alimpeleka binti yake Ninawi akatumike katika nyumba ya mfalme, na mali nyingi ya kwenda naye. Tusiite mahari, maana hapa anayetoa mali ni baba wa binti. Akapangiwa kodi ya kila mwaka: dhahabu, sufu ya zambarau nyekundu, sufu ya zambarau nyeusi, samaki na ndege.

Zambarau hiyo ilitoka kwa konokono wa baharini, wengi kwa rangi kidogo, na hakuna liwali wa Ashuru aliyejua kuitengeneza. Waashuru waliiita ile nyekundu *argamannu*, na neno letu urujuani, lililotufikia kupitia Kiarabu, ni la ukoo huohuo.

Iangalie orodha hiyo kama mtu wa hesabu. Dhahabu na sufu ni mali kweli. Samaki na ndege ni heshima. Lakini juu ya magati, kimya. Hakuna kifungu kuhusu vyombo kutia nanga bara, hakuna mwakilishi wa kufungua barua zake. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuikausha bandari ya mfalme alipangiwa kutoa samaki.

Wana kumi

Yakinlu alikufa akiwa mfalme, jambo ambalo Abdi-Milkutti hakulipata. Na hapo kisiwa kikaingia katika hatari yake kubwa kuliko zote: aliacha wana kumi. Azi-Baal, Abi-Baal, Aduni-Baal, Sapati-Baal, Budi-Baal, Baal-yashupu, Baal-hanunu, Baal-maluku, Abi-milki, Ahi-milki. Kisiwa cha nusu saa kwa miguu, kiti kimoja, wanaume kumi.

Maandishi yanasema walipanda kutoka katikati ya bahari, wote kumi, wakiwa na zawadi nzito, wakabusu miguu ya Ashurbanipal. Hawakupigana. Ukizingatia jinsi nyumba za kifalme za zama zile zilivyorithiana, ya Ninawi yenyewe ikiwamo (babu wa mfalme huyu aliuawa na mwanawe), si jambo dogo. Walimpelekea bwana mkubwa achague, na zawadi mikononi. Akamtazama Azi-Baal kwa furaha, akamfanya mfalme wa Arvadi. Wale tisa akawavika nguo za rangi, akawatia dhahabu mikononi, akawasimamisha mbele yake katika baraza.

Kwa kawaida hili husomwa kama utekaji wa kiungwana: ndugu tisa ni dhamana, Azi-Baal akikosea wapo wa kuadhibiwa, au wapo tisa wa kumrithi kesho. Ni kweli, na bila shaka Ashurbanipal aliliona hivyo. Lakini mtu aliyeisoma barua ya Itti-Shamash-balatu anakumbuka kwamba Yakinlu alilazimika kumtegemea Ilu-ma'adi mmoja, wa kwenda na kurudi kutoka pwani, ili ajue ikulu inasema nini. Azi-Baal aliporudi kisiwani kushika magati ya baba yake, nyuma yake alikuwa ameacha dada mmoja ndani ya nyumba ya mfalme na ndugu tisa barazani, wamevaa vizuri, wamesimama wanasikiliza.